Tulilipa dola 20 kwa muziki wa bure



Wengi wenu mlikuwapo siku ile mtunza sanduku wetu alipohesabu makuta ya karanga na unga wa mihogo mbele ya wote, akatenga dola 20 kwa ajili ya watoto wa korali. Maestro alikuwa ameomba jambo moja tu: watoto wasikie Haleluya ya Handel jinsi inavyoimbwa na watu walioizoea. Kila repetisio sauti ya pili inapotea palepale, na koo lake mwenyewe limechoka kuwaonyesha njia. Mtu akasafiri hadi Kolwezi, akaingia katika duka moja la kujaza nyimbo kwenye telefone, akarudi na kadi ya memori. Walimwambia ni nyimbo 200 za muziki klasiki, safi kabisa.

Mimi ndiye niliyekaa na kadi ile jioni tatu, basi ninajua kilichokuwa ndani. Nyimbo zilikuwa 63. Nyingine zilikatika katikati, kama mtu aliyefungiwa mlango akiwa bado anasema. Haleluya ilikuwapo mara tatu kwa majina matatu, nayo ni ileile mara zote, na kila baada ya dakika moja sauti ya mwanaume inaingia kutangaza mahali ilipochukuliwa. Watoto walicheka sana. Maestro hakucheka.

Baadaye mtoto wa dada yangu, anayesoma Kolwezi, alikuja kututembelea. Nikamwonyesha kadi. Akaniuliza, "Mama mdogo, mliinunua?" Nikamwambia bei. Akanyamaza kidogo kwa heshima, kisha akasema, "Lakini hivi vitu ni vya bure. Wenyewe wamekufa zamani."

Maneno hayo yaliniuma kwa sababu ya karanga. Ninajua ni mikono ya nani ilizimenya. Ndiyo maana nimeomba nafasi katika karatasi yetu ya juma hili, niwaeleze yote niliyojifunza tangu siku ile, ili sanduku lisifunguliwe tena kwa kazi kama hii.

Tuanze na hilo neno, kwamba wenyewe wamekufa. Sheria ya nchi yetu juu ya haki za mwandishi, iliyotiwa sahihi tarehe 5 Aprili 1986, inalinda kazi ya mtu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Ulaya wanahesabu miaka 70. Bach alikufa mwaka 1750, Handel 1759, Mozart 1791, Beethoven 1827. Hesabuni wenyewe. Noti walizoziandika hazina mwenye kuzidai leo, hapa Kasaji wala huko walikozaliwa. Unaweza kuziimba, kuzichapisha, kuzitia maneno ya Kiswahili au ya Kilunda, bila kumwomba mtu ruhusa.

Lakini kuna jambo la pili ambalo wengi wanalichanganya na hilo, hata mimi nililichanganya. Chukueni mfano wa sombe. Namna ya kupika sombe ni ya wote: kutwanga majani, kuchemsha, kutia mafuta ya mawese na kitunguu. Hakuna atakayekuja kukudai kwa sababu umepika sombe. Lakini ile sahani aliyoipika jirani asubuhi hii, kwa kuni zake na mafuta yake, ni yake. Ukiipitisha dirishani bila kumwambia, umeiba, hata kama namna ya kupika ni ya wote. Muziki ni hivyohivyo. Noti za Beethoven ni za wote. Ila watu 80 waliokaa na vinanda vyao mwaka juzi wakazipiga, na fundi aliyezirekodi, hao bado wako hai, na sauti ile waliyoitoa ni kazi yao. Kwa hiyo muziki wa bure wa kweli ni ule ambao noti zake ni za zamani na wapigaji wenyewe wamesema: chukueni.

Na wako wanaosema hivyo. Hilo ndilo lililonishangaza.

Mwaka 2005 redio ya Uingereza, BBC, ilitoa simfoni zote 9 za Beethoven bure kwenye intaneti kwa siku chache tu, zikipigwa na orkestra yake yenyewe. Watu walizipakua (vijana wetu wanasema kutelesharje) zaidi ya mara milioni 1.3. Wauza diski walikasirika. Walisema redio inaharibu soko lao, na nafikiri ningekuwa muuza diski ningesema vilevile. Lakini tangu hapo ilionekana wazi kwamba watu wengi walikuwa wanangojea mlango ufunguliwe.

Mwaka huohuo wa 2005 kijana mmoja Mmarekani, Aaron Dunn, alianzisha Musopen. Ni kama ghala la muziki wa zamani, halitafuti faida. Mwaka 2010 waliomba watu wachange ili kulipa orkestra irekodi muziki na kuutoa bila haki yoyote kubaki nyuma. Walitafuta dola 11,000. Zikaja zaidi ya 68,000. Wamama, hiyo ni likelemba! Tofauti ni kwamba zamu ya kupokea ilikuwa ya dunia yote. Kwa makuta hayo orkestra ya Prague ilipiga, na nyimbo zile ziko pale mpaka leo.

Mwingine ni mwanamke, Kimiko Ishizaka, mpiga piano. Mwaka 2012 alirekodi kazi ya Bach inayoitwa Goldberg, nayo kwa michango ya watu, akatangaza kwamba hadai kitu chochote juu yake, milele. Inasemekana Bach aliandika muziki huo kwa bwana mmoja mkubwa aliyekosa usingizi usiku. Kama ni kweli au si kweli, mjukuu wangu hafiki mwisho wake.

Hapa niseme neno juu ya watoto wachanga, maana najua litaulizwa. Kuna diski na programu za telefone zinazouzwa kwa kusema kwamba mtoto akisikia Mozart atakuwa na akili darasani. Chanzo chake ni utafiti wa mwaka 1993 uliotoka katika gazeti la sayansi Nature. Waliopimwa hawakuwa watoto wachanga. Walikuwa wanafunzi 36 wa chuo kikuu, na ile nafuu waliyoipata katika kazi ya kukunja karatasi kwa mawazo haikupita robo ya saa. Hata hivyo mwaka 1998 gavana wa jimbo la Georgia, Marekani, aliomba dola 105,000 katika bajeti ili kila mtoto anayezaliwa apewe muziki huo. Mchezeeni mtoto Mozart kwa sababu ni mzuri na unatuliza nyumba. Msitoe hata franka moja kwa ajili ya akili. Kwa akili, mnunulieni mayai.

Sasa maduka yenyewe. Maduka makubwa ya intaneti, kama Amazon, yamewahi kutoa nyimbo kadhaa za bure kwa sababu ileile inayomfanya muuza karanga akutie tatu mkononi unapopita. Hakuna ubaya. Shida kwetu ni kwamba kabla ya kukuonjesha wanakuomba ufungue konti, uandike karte ya benki, na mara nyingine wanatazama uko nchi gani kisha wanafunga mlango. Na kuna bure nyingine ambayo si bure: "mwezi wa kwanza hulipi." Mwezi wa pili wanakata bila kukuamsha. Jifunzeni kutofautisha. Bure ya kweli haiombi karte ya benki, na hakuna mahali popote pa muziki panapohitaji nambari ya siri ya makuta yako ya telefone, iwe M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Ukiona mahali panaomba hiyo, funga, zima, nenda kapepete unga.

Kwa nyumba zetu gharama kubwa ni mega. Nimefanya hesabu pamoja na mtoto wa dada yangu, na hii mtu anaweza kuikata na kuibandika ukutani. Muziki wa aina ya MP3 wa kawaida unakula karibu mega 1 kwa kila dakika. Haleluya ni dakika 4 hivi, basi mega 4. Simfoni ya 9 ya Beethoven ni kama dakika 70, basi mega 70 hivi. Ukichagua ileile katika MP3 ya ubora wa juu, inapanda hadi karibu 170. Na kuna faili nyingine zinaitwa FLAC. Hizo simfoni hiyohiyo inaweza kupita mega 300, na katika spika ndogo za telefone zetu hutasikia tofauti. Mtoto wa dada yangu anabisha juu ya hilo. Yeye ana visikizio vizuri.

Video ni mbaya zaidi. Ukisikiliza muziki kwa kutazama video, unalipia picha ya mtu aliyekaa na fidla. Na kila ukirudia, unalipa tena. Pakua mara moja, usiku mega zinapokuwa na bei ndogo, kwa telefone moja yenye batri iliyojaa kutoka kwenye pano ya jua. Kisha mpitishiane wenyewe kwa Bluetooth, telefone kwa telefone, bila kula mega hata moja. Muziki ulioachiwa wote unaruhusu hivyo. Tulifanya hivi jioni moja baada ya mkutano, watu saba tumekaa kwenye benchi, na kila mmoja aliondoka na Haleluya nzima isiyokuwa na bwana anayetangaza ndani yake.

Na shida ya maestro? Kusikia tu hakukuimaliza. Sauti ya pili iliendelea kupotea palepale, maana katika orkestra kubwa mtoto hasikii sauti yake iko wapi. Hapo ndipo tulipogundua kwamba noti zenyewe zinapatikana, na mimi nasema hazina hii inapita ile ya nyimbo.

Kuna mahali pawili. Pa kwanza panaitwa IMSLP, na palianzishwa mwaka 2006 na mwanafunzi mmoja wa muziki, Edward Guo. Mwaka 2007 kampuni moja ya wachapishaji wa Ulaya ilimwandikia barua ya kisheria, naye kijana peke yake hakuwa na nguvu ya kushindana, akafunga. Karibu miezi 9 palibaki pamefungwa. Mwaka 2008 akafungua tena, na leo ndipo wapiga muziki wa dunia yote wanapoingia. Kama hujalipa uanachama panakungojesha sekunde 15 hivi kabla faili haijafunguka. Msiogope, wala msibonye vitangazo vinavyorukaruka wakati huo. Pa pili panaitwa CPDL, pako tangu 1998, na ni pa korali hasa. Uzuri wake ni huu: pamoja na karatasi za noti, mara nyingi kuna faili ndogo sana za MIDI, hazifiki hata mega moja. Zinalia kama kinanda cha kuchezea watoto, hazina utamu wowote. Lakini kwa baadhi ya nyimbo utakuta kila sauti imewekwa peke yake. Maestro akaichezesha sauti ya pili peke yake, polepole, mara kumi, mara ishirini. Wasichana wale wanne waliokuwa wanapotea sasa ndio wanaowavuta wengine.

Karatasi tulichapisha Kolwezi, kurasa chache tu za kuimbia, bila zile za orkestra nzima. Kuchapisha tulilipa, na hiyo ni haki: mtu ametumia wino wake.

Mnajua Haleluya iliimbwa wapi kwanza? Ni ndani ya kazi kubwa inayoitwa Messiah, iliyosikika mara ya kwanza katika mji wa Dublin, tarehe 13 Aprili 1742. Makuta ya mlangoni yaligawanywa kwa hospitali mbili na kwa wafungwa wa madeni, na watu 142 wakatolewa gerezani. Ukumbi ulikuwa mdogo, basi wanawake waliombwa waje bila zile fremu za kupanua sketi, na wanaume waache panga zao nyumbani, ili watu zaidi wapate nafasi. Nilipowasomea korali habari hii, mama mmoja wa sauti ya kwanza alisema hata kwetu kuna vilemba vinavyofunika watu wa nyuma. Hatukumtaja mtu.

Wanaosema muziki huu ni wa wazungu na hautuhusu, nawaomba watazame Kinshasa. Mwaka 1994 Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu, alianzisha orkestra ya simfoni ya Wakimbanguiste. Alikuwa rubani aliyepoteza kazi, na muziki alijifundisha mwenyewe. Fidla zilikuwa chache kuliko watu, basi walipeana zamu kwa dakika. Uzi ukikatika walifunga waya wa breki ya baiskeli. Noti walizinakili kwa mkono, karatasi baada ya karatasi. Mwaka 2010 filamu ya Wajerumani, Kinshasa Symphony, ikawaonyesha wakipiga simfoni ya 9 ya Beethoven, ileile ya mega 70. Wao walianza wakati ambapo hakukuwa na IMSLP wala kitu.

Sasa ninafika kwenye jambo ambalo sijalimaliza moyoni.

Nilipokuwa nikitafuta, nilifikiri: kama Beethoven ni wa bure, basi misa ile ya Kamina itakuwa ya bure mara mbili. Missa Luba mnaijua. Reli yetu hii inayopita hapa ikifika Tenke inageuka kwenda Kamina, na huko ndiko misa ile ilikozaliwa. Padri Mbelgiji, Guido Haazen, alifika Kamina mwaka 1953 kuongoza shule, akakusanya watoto wa kiume kama 45, wa miaka 9 hadi 14, na walimu 15. Maneno ya misa ni ya Kilatini, lakini nyimbo zilitoka katika namna za kuimba za watu wa Kasai na Katanga, na waliibuni pamoja katika repetisio, wakijaribu hivi na vile. Iliimbwa katika misa mara ya kwanza Kamina tarehe 23 Machi 1958, kisha wakapelekwa Ulaya, wakaimba katika maonyesho makubwa ya Brussels. Baadaye Sanctus yake ikaingia hata katika filamu ya Waingereza ya mwaka 1968.

Nikaitafuta katika maghala ya bure. Mlango umefungwa. Noti zina jina la padri, na padri alikufa mwaka 2004. Kwa sheria yetu ya miaka 50 hesabu inafika 2054, kwa ile ya Ulaya 2074. Sikusema sheria ni mbaya. Miaka hiyo ingekuwa inalisha wajukuu wa wale watoto 45, ningeishangilia. Lakini mtoto aliyebuni sauti yake katika repetisio ya Kamina hakuandika jina lake popote, na sheria inahesabu tangu kifo cha yule aliyeandikwa. Nilikaa na telefone mkononi nikiona: muziki wa Vienna bure, muziki wa Kamina dukani.

Tulijadiliana katika kamati. Mmoja alisema tuichukue tu mahali fulani, nani atajua. Mtunza sanduku akamkumbusha habari ya sombe dirishani. Mwishowe tulikubaliana kuinunua kwa njia ya haki. Mtoto wa dada yangu ana karte ya benki, akalipa dola chache, sisi tukamrudishia, akatuletea.

Nilimchezea kwanza mama mkwe wangu, aliyezaliwa Kamina. Alikuwa anachambua maharagwe, hakuinua kichwa. Ilipofika Hosanna, mikono iliacha maharagwe. Aliomba irudiwe. Kisha akaanza kunisahihishia namna watoto wa siku hizi wanavyopiga makofi.

Jumamosi hii baada ya mkutano tutasikiliza vyote viwili, Beethoven na Kamina, chini ya mti wa mwembe. Njooni na telefone yenye nafasi ya mega 100 na batri iliyojaa, maana pano yetu moja haitoshi watu wote. Na yule mama mkwe wangu atakuja. Ameomba kuona wimbo wa watoto wetu urekodiwe siku hiyo, na majina yao yaandikwe kwenye daftari, wote, mpaka yule wa mwisho wa sauti ya pili.